Mfungo wa Mdakaji

Marcelline haelewi besiboli mpaka leo, lakini siku ile hakuhitaji kuielewa ili ajue kwamba mambo yanaharibika. Alikuwa ameketi kwenye benchi la juu kabisa, jua la Februari la Durban likimchoma utosi kupitia kilemba, na macho yake hayakuwa kwenye mpira hata kidogo. Yalikuwa kwenye midomo ya mwanawe. Kila Achille alipopata nafasi ya kuvua kinyago, aliilamba midomo, akameza, akailamba tena. Hakuwa na mate ya kumeza.

"Usimwangalie hivyo," Mama Grâce akamnong'oneza kutoka pembeni. "Utamuonyesha woga. Omba tu."

"Minaomba."

"Omba na macho imefungwa."

Afunge macho! Mwanamke ana mtoto mmoja, mtoto mwenyewe yuko uwanjani hajatia kitu kinywani tangu Alhamisi usiku, hata tone la maji, leo Jumamosi jua limepanda, halafu mtu anamwambia afunge macho. Marcelline hakuyafunga. Lakini hakujibu pia, maana Mama Grâce ndiye kiongozi wa kikundi chao cha maombi, na mtu hamjibu Mama Grâce ovyo.

Chini, nyuma ya wavu, alisimama yule aliyewatoa wote majumbani mwao: Mmarekani mmoja mwenye kofia ya bluu na miwani ya jua, kocha wa besiboli wa chuo kikuu cha huko kwao. Alikuwa amezunguka miji kadhaa akitafuta wachezaji, na hapa Durban alikuwa na haja na mtu wa aina moja tu, mdakaji. Mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kinyago cha chuma usoni, kinga kifuani na magotini, akidaka kila mpira unaorushwa. Wenzake wanasimama wanapigwa upepo. Yeye anachuchumaa na kuinuka, anachuchumaa na kuinuka, asubuhi nzima, na nguo zake ni nzito kama godoro.

Nafasi ilikuwa moja. Atakayeipata ataondoka na ada yote, kitanda na chakula, miaka yote ya masomo. Na Achille alikuwa amemaliza shule kwa alama nzuri, tangu hapo yuko nyumbani Greyville anamsaidia baba yake kulinda magari mbele ya maduka ya Morningside, kwa sababu kwa zile karatasi zao za ukimbizi kila mlango wa chuo waliobisha hodi ulifungwa. Mlango huu ndio pekee uliokuwa wazi. Marcelline alilijua hilo akilala na akiamka. Alikuwa akisuka watu rasta pale saluni Greyville na kulitia hilo katika kila msuko.

Sasa mtauliza, mama mwenye akili zake timamu, mtoto ana siku kama hiyo, anamnyima vipi maji? Subirini. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda ndiyo maana.

Ilianza kwenye mkutano wa wazazi. Kocha Pillay, yule Mhindi wa Durban aliyemwokota Achille ufukweni miaka iliyopita alipomwona anarusha chupa tupu kwenye pipa la taka kutoka mbali bila kukosa hata moja, aliwaita wazazi wote akawaeleza mgeni anakuja kutafuta nini.

"Kasi ya mkono ataipima kwa mashine," alisema. "Mbio atazipima kwa saa. Lakini hayo wanayo wengi, dunia imejaa vijana wanaotupa mpira kwa nguvu. Huyu bwana atawatazama watoto wenu wakikosea. Mtoto akikosa, anatupa glavu chini au anaokota mpira? Mwamuzi akimwonea, anamjibuje? Mwenzake akivurunda, anamwambia nini? Atatazama nani amebeba begi, kijana mwenyewe au mama yake. Na nyinyi wazazi atawatazama pia. Tafadhalini sana. Mzazi akishuka uwanjani kumpelekea mtoto juisi, kumfuta jasho, kumshauri, basi, jina limekatwa. Kule chuoni hakuna mama. Anatafuta moyo wa kijana, jamani, si mkono tu."

Wazazi wengine walitoka pale wanazungumzia viatu na mazoezi ya mbio. Marcelline alitoka na neno moja, moyo. Alilibeba mpaka kwenye kikundi cha maombi, sebuleni kwa Mama Grâce, kule wanakokutana akina mama waliokimbia Bukavu, Uvira na Fizi. Na pale neno lilipata maana yake. Kama kinachotazamwa ni moyo, hiyo si kazi ya mazoezi. Moyo ni wa Mungu. Na kitu cha Mungu, kwa akina mama wale, hakiendewi na tumbo limeshiba.

Msiwacheke. Wale wanawake walifunga kwa ajili ya karatasi za mwenzao Annick, na karatasi zikatoka. Walifunga wakati maduka ya wageni yanachomwa, na watoto wao wote walirudi nyumbani wazima. Kufunga bila maji, kavu kabisa, ndiyo silaha waliyokuja nayo kutoka nyumbani, na haikuwahi kuulizwa hati mpakani. Basi Marcelline akaweka nadhiri. Yeye na mtoto, wote wawili, tangu Alhamisi baada ya chakula cha usiku mpaka mchezo uishe Jumamosi.

Urbain, mumewe, ni mpole kupita kiasi, lakini usiku ule alisimama na kijiko mkononi.

"Mtoto anaenda kukimbia, we unamfungisha? Bila maji? Marcelline, iko na akili kweli?"

"Hii ni ya Mungu, Urbain. Usiingize mdomo."

"Siingizi mdomo kwa ya Mungu. Minaingiza kwa ya wewe."

"Bon, umeisha kusema. Kula ulale."

Achille alikuwa pale pale mezani, amesikia yote, na hakuna aliyemuuliza. Mwenyewe hakubisha. Achille habishi. Ni mtoto aliyelelewa akaleleka, Greyville nzima wanamsifu: anasalimia wakubwa kwa mikono miwili, akitumwa haulizi kwa nini, akigombezwa anatazama chini. Marcelline aliposifiwa kwa ajili yake alijifanya hasikii, kumbe kila neno analimeza na utamu wake.

Basi turudi benchini.

Walianza na mbio. Siku nyingine zote Achille akikimbia hivi, vumbi ndilo linalomtafuta. Siku ile alianza vizuri, halafu katikati miguu ikawa kama ya mtu anayetembea ndani ya maji. Mmarekani alitazama saa yake. Akamtazama Achille. Akaitazama saa tena, kisha akageuka upande mwingine kumtazama kijana aliyefuata, na kule kugeuka kulimchoma Marcelline mbavuni.

Ikaja kutupa. Mdakaji anatakiwa ainuke ghafla kutoka kuchuchumaa na kuurusha mpira mpaka ng'ambo, kwenye kituo cha pili, wanachokiita besi, kabla mkimbiaji anayejaribu kukiiba hajafika. Mpira wa kwanza wa Achille ulinyooka, ukapiga glavu ya mwenzake ukalia paa! Marcelline akashusha pumzi. Wa pili ukapinda. Wa tatu ukadondoka njiani na kudunda mara mbili, na wavulana wa timu nyingine wakaangaliana.

Kocha Pillay akapanda ngazi mbili mbili mpaka juu, uso umemkunjamana.

"Mama Achille, mtoto anaumwa?"

"Hapana, kocha. Yuko sawa."

"Mbona simwelewi? Amekula asubuhi?"

"Amekula."

Amekula! Mama wa maombi, mchana kweupe, kauongo kenyewe kametoka bila hata kukohoa. Kocha Pillay alisimama kidogo akimtazama, akakuna kidevu, akashuka. Masikio ya Marcelline yaliwaka moto.

"Umefanya vizuri," Mama Grâce akasema. "Mufungo hautangaziwi watu."

"Lakini nimedanganya."

"Utaomba musamaha jioni. Sasa kaza."

Ukaanza mchezo wenyewe. Mrushaji wa timu ya Achille alikuwa Ameir, kijana wa Kizanzibari ambaye baba yake ana duka la simu mtaa uleule wa saluni, mrefu, mkono wa moto na mdomo wa moto zaidi. Ameir alirusha mpira mmoja mbaya, chini, pembeni. Siku nyingine Achille angeutupia mwili mzima, akauzuia hata kwa kifua. Siku ile alichelewa. Mpira ukampita ukaenda mpaka wavuni, mkimbiaji wa upande wa pili akafika kituo cha mwisho, wanachokiita nyumbani, akapata pointi, na wenzake wakashangilia.

"Daka bwana!" Ameir akapiga kelele, mikono juu, mbele ya watu wote. "Umelala? Umekuja kufanya nini hapa?"

Marcelline alisimama bila kujua kwamba amesimama. Aliona Mmarekani ameshusha ile mashine yake ya kupimia kasi na kuvua miwani, akawa anamtazama Achille tu, wala si mpira wala mrushaji.

Achille akaenda kuuokota mpira. Taratibu, maana haraka hakuwa nayo. Hakumjibu Ameir kutoka mbali. Alitembea mpaka pale Ameir aliposimama, akamtia mpira ndani ya glavu, akamwambia kitu sikioni na kumgonga kifuani kwa ngumi nyepesi. Ameir alikuwa amevimba, lakini akatikisa kichwa, kisha, jamani, akacheka. Mpira uliofuata aliurusha umenyooka kama uzi, na mpigaji akatolewa.

Kule chini Kocha Pillay akageuka akamtafuta Marcelline kwa macho. Akainua dole gumba, nusu nusu, karibu na mkanda, kusudi Mmarekani asione.

"Si unaona?" Mama Grâce alimkamata mkono akamminya. "Hicho ndicho walisema anatafuta! Moyo! Mungu iko kazini, mama. Usilegee sasa."

Marcelline alitaka kufurahi. Kweli alitaka. Karibu machozi yamtoke, maana kwa mara ya kwanza tangu asubuhi yule Mmarekani alikuwa amesogea karibu kabisa na wavu, vidole vyake ndani ya matundu, na kila Achille alipoinuka kichwa cha yule bwana kiliinuka naye. Anamtaka. Haihitaji kujua besiboli kuona mtu anapotaka kitu. Zamu mbili tu zimebaki, mtoto ajikaze zamu mbili, mengine yote yamekwisha.

Ndipo alipoona shati.

Asubuhi shati la Achille lilikuwa limelowa mgongoni, linang'ang'ania ngozi kama la mtu aliyenyeshewa. Sasa lilikuwa limekauka. Shingo yake ilikuwa kavu, paji la uso kavu, na chumvi nyeupe imechora mistari kwenye mashavu. Jua lilikuwa kali kuliko asubuhi, na mtoto hatoki jasho.

Marcelline alikuwa amekwisha kuliona hilo mara moja maishani. Mwaka wa vita, yeye akiwa msichana mdogo, wakitembea kushuka kwenda ziwani bila maji, alimwona binamu yake Japhet akikauka hivyo hivyo. Japhet alikuwa amenyamaza kulalamika, wakubwa wakafikiri amepata nguvu. Hakufika ziwani. Marcelline hajawahi kumsimulia mtu kisa hicho hapa Durban, hata Urbain, na wala siku ile hakukisimulia. Mwili wake tu ulijua.

"Minashuka," akasema.

"Unashuka wapi?"

"Kumpa maji."

Mama Grâce akamshika kitenge. Na hakumshika kwa ubaya, tuseme ukweli. Mwanamke yule alikuwa amefunga pamoja nao kwa hiari yake, midomo yake mwenyewe ilikuwa imepasuka. "Marcelline, sikia. Ukishuka umevunja mbele ya Mungu. Na muzungu atakuona, si kocha aliwakataza? Umevunja mbele ya Mungu na mbele ya muzungu, yote mara moja. Inabaki kidogo! Kidogo tu!"

Kila neno lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomtesa. Akibaki pale juu, huenda mtoto akaimaliza, akaondoka, akasoma, akawa mtu. Akibaki pale juu, huenda mtoto akaanguka asiamke. Akishuka, amemkatia jina kwa mkono wake. Alisimama pale, mkono kinywani, na chini Achille akachuchumaa, akainuka, akayumba, akajishika kwa mpigaji wa upande wa pili kama mtu anayeshika nguzo.

Marcelline alikinyofoa kitenge kutoka mkononi mwa Mama Grâce. Alipita mbele ya magoti ya watu bila kuomba radhi. Mzazi mmoja alikuwa na sanduku la barafu miguuni, akalifungua bila hodi, akachomoa chupa ya maji, akaendelea. Alipofika kwenye kigeti zamu ilikuwa imeisha, vijana wanatoka kupumzika. Kocha Pillay alimwona, akaja mbio mikono imetanuka.

"No, Mama, no! Rudi juu! Anatazama!"

"Atazame," Marcelline akasema, akampita.

Achille alikuwa kwenye benchi la wachezaji, viwiko magotini, kichwa kinaning'inia. Alipoona viatu vya mama yake aliinua uso, na macho yake yalikuwa yameingia ndani.

"Kunywa."

"Hapana, Mama. Haijaisha."

"Nimesema kunywa, Achille."

"Ulisema mpaka mwisho." Sauti ilikuwa inakwaruza. "Ulisema mutu mumoja akivunja, amevunja ya wote wawili. Mama, mimi sitaki kukuharibia."

Nyuma ya wavu, hatua chache tu, Mmarekani amesimama, haelewi lugha lakini anaona yote. Marcelline alitazama chupa. Akaifungua, akaipandisha, akanywa yeye. Alikunywa kwa nguvu, kwa hasira, maji yakamtoka pembeni mwa mdomo yakamwagikia kifuani, na kutoka juu kabisa akasikia Mama Grâce akiita, "Yesu!"

"Haya," akasema akihema. "Imevunjika. Mimi ndiye nimevunja, wewe huna kosa. Kunywa sasa."

Hapo ndipo mtoto alipoipokea chupa, kwa mikono miwili, akanywa mpaka ikajikunja. Kocha Pillay akaleta nyingine, akamvua kinyago na zile kinga zote, akamlaza kivulini na barafu shingoni. Hakuuliza tena kama amekula. Alimtazama Marcelline mara moja tu, na Marcelline akatamani ardhi ipasuke. Mdakaji mwingine akaingizwa, mchezo ukaendelea hadi mwisho, na hakuna hata mmoja kati yao watatu anayekumbuka nani alishinda.

Watu walipoanza kutawanyika, Mmarekani akaja. Kwa karibu hakuwa mzee, alikuwa na madoa ya jua puani na sauti ya chini. Achille akajitahidi kusimama. Yule bwana akamrudisha chini kwa kiganja, kisha akachuchumaa mwenyewe mbele yake. Waliongea Kiingereza, na Marcelline, kwa kile Kiingereza chake cha saluni, alikidaka karibu chote.

"Hujala tangu lini?"

Achille akamtazama mama yake.

"Nimekuuliza wewe."

"Tangu Alhamisi usiku, sir."

"Na maji?"

"Na maji."

"Nani alitoa wazo hilo?"

"Mimi," Achille akasema.

"Si yeye," Marcelline akaingilia, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ni mimi. Nilimwambia tufunge kwa maombi, akanitii. Kocha Pillay hakujua, nilimdanganya. Usimkate mtoto kwa ajili yangu. Nikate mimi."

Mmarekani aliitikia kwa kichwa, bila hasira. Alisema hana ugomvi na maombi ya mtu yeyote. Akamgeukia kijana tena.

"Ulipoingia zamu ile ya mwisho, ulijua unaweza kuanguka?"

"Nilijua."

"Mbona hukumwambia kocha wako?"

"Mama alikuwa hajasema."

"Na kama asingeshuka?"

Achille akafikiri. Alikuwa mtoto mkweli, ukitoa ule uongo wa kumfichia mama. "Ningeendelea," akasema. "Mpaka mwisho."

Na Marcelline, masikini, alitabasamu. Lilimtoka tabasamu kabla hajalizuia, la majivuno kabisa, kwa sababu hilo ndilo jibu! Mtoto anayelishika neno la mzazi mpaka anaanguka, kuna moyo gani mwingine wa kutafuta? Alimtazama Mmarekani akingoja uso wake ufunguke. Haukufunguka. Yule bwana alikuwa ametazama chini, anazungusha kofia mikononi, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Napenda mikono yako," akasema hatimaye. "Ulivyomwendea mrushaji wako baada ya kukutukana, nimevuka bahari kutafuta hicho. Nilikuwa nimekwisha kuamua, nataka ulijue hilo. Lakini mdakaji ndiye anayeongoza uwanja, Achille. Mrushaji akiumia bega akalificha, mdakaji ndiye anayekuja kunieleza. Nikitoa amri ya kipumbavu, na huwa nazitoa, mdakaji ndiye anayetikisa kichwa. Namtafuta mtu anayeweza kuniambia hapana. Wewe leo umeshindwa kuisema hata kwa ajili ya maji."

Achille alitazama chini, kwa heshima.

"Mwaka kesho nitapita tena. Siahidi kitu. Ila nikikukuta, nitakuja kukutazama." Akampa mkono, akampa na Marcelline mkono, akamwambia, "Umefanya vizuri kushuka, Mama." Kisha akaondoka zake, na gari lililomleta likaondoka naye.

Marcelline hakulia pale. Alikuwa na kazi ya kukusanya vitu, na kuomba radhi kwa Kocha Pillay, ambaye alizipokea kwa kusema, "Mpeleke nyumbani, ale kidogo kidogo." Mama Grâce alikuwa amekwisha kuondoka bila kuaga. Mama na mtoto wakateremka kwa miguu kuelekea Greyville, Achille amejitwika begi lake begani, yeye mama akinyoosha mkono kulipokea kisha akiurudisha. Walipita nyumba zenye kuta ndefu na mbwa.

Kichwani mwake Marcelline alikuwa anaipiga hesabu ya siku nzima upya, na kila alipoanzia aliishia mahali pamoja. Si kwamba Mmarekani aliuona udhaifu wa mtoto. Mtoto alifanya kila kitu sawasawa. Yule bwana aliiona kazi ya mikono yake yeye, miaka yote ya "nyamaza mkubwa anaongea" na "usiniulize kwa nini", kazi ambayo mtaa mzima unaisifu, akasema hapana asante. Na kitu kilichomuuma kuliko ile nafasi iliyopotea ni kumbukumbu ya mtoto akiwa na kiu ya kufa, maji yako mbele ya macho yake, anangoja mama aseme.

Wakasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, magari yakipita. Hakutaka kungoja mpaka wafike nyumbani. Akamgeuza mtoto kwa bega, akamtazama usoni.

"Achille, nisikie vizuri. Siku nyingine nikikuambia kitu kama hii, ukatae. Hata nikikasirika. Hata nikisema ni ya Mungu. Ukatae kabisa. Umesikia?"

Achille akatazama chini.

"Ndiyo, Mama," akasema, na hapo ndipo Marcelline alipoanza kulia.